Pedi Ilipogeuka Nyeusi

Kisa hiki nimekisuka kwa ajili ya vijana wanaoosha magari na wanaotamani kupanda hadi kazi ya kupaka seramiki, na kwa ajili ya wenye magari wanaowakabidhi ufunguo. Watu waliomo sikuwapa majina. Makosa waliyofanya ni ya kweli, na hakuna hata moja ambalo halifanyiki leo hii.

Ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo alifika na Harrier yake nyeusi kwenye kituo cha kuosha magari kule Sinza. Siku ya pili yake, alasiri, gari lile lilikuwa limbebe binti yake kwenda kufunga ndoa. Kijana wa kituo alikuwa na sifa njema. Ukisahau sarafu kwenye kiti unazikuta, na matundu ya kiyoyozi aliyafuta kwa brashi ndogo bila kuombwa. Wiki hiyo alikuwa amenunua kichupa cha seramiki cha mililita 30, kimeandikwa 9H kwa herufi za dhahabu, na alikuwa akingoja gari la kukifungulia.

"Mama, nikikupakia hii husumbuki tena," alimwambia. "Miaka mitano maji yanateleza tu. Halipati mkwaruzo, na vumbi halishiki."

"Kesho saa nne asubuhi litakuwa tayari, mwanangu?"

"Litakuwa tayari, mama."

Ahadi hiyo ndiyo iliyoharibu kazi, hata kabla bomba la maji halijafunguliwa. Gari la ukubwa ule, lililokwisha kutembea miaka kadhaa, huhitaji siku mbili, mara nyingi tatu, na sehemu kubwa ya muda huo haihusu seramiki yenyewe. Hupita katika kuosha, kung'oa uchafu uliojikita, kuondoa mikwaruzo, kufuta mafuta na kungoja. Kupaka ni kazi ya saa chache mwishoni.

Mjomba wake kijana, fundi rangi wa siku nyingi mwenye gereji mtaa wa pili, alipita akaona gari limeegeshwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unapaka seramiki leo?"

"Leo hii, mjomba. Kesho ni harusi."

"Umepima klia?"

"Gari limetoka Japani, mjomba. Rangi yake ni ya kiwandani."

"Nani kakwambia?"

Kijana hakuwa na jibu. Mjomba akamwambia alipeleke gari kwake kwanza lipimwe kwa kile kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi kwenye bati. Kijana akasema atakuja jioni. Jioni ilifika, hakwenda.

Swali la mzee yule lina uzito, maana rangi ya gari haina unene ambao watu hudhani. Kiwandani bati hupata tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile rangi angavu isiyo na rangi inayotoa mng'aro na kulinda rangi ya chini dhidi ya jua. Tabaka zote kwa pamoja huwa kama mikroni 100 hadi 150 hivi, na mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Klia peke yake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele. Kila ukipiga polishi unapunguza klia hiyo. Polishi laini hula kidogo sana. Kompaundi nzito hula mikroni kadhaa kwa mkupuo mmoja. Na klia iliyokwisha kuliwa hairudi. Gari lililokwisha kutumika linaweza kuwa limepigwa polishi mara nyingi kabla halijapanda meli, au limepakwa rangi upya upande mmoja baada ya ajali. Macho hayawezi kukwambia hayo. Kifaa kinaweza, ila kwenye bampa la plastiki vifaa vingi vya aina hiyo havisomi.

Basi kijana akaosha. Aliosha juani, kwa maji ya kisima, ndoo moja, sabuni ya unga na dodoki moja lililopita kwanza kwenye rimu kisha likapanda milangoni. Mchanga ulioshikwa na dodoki kwenye magurudumu ukaburuzwa juu ya rangi nyeusi. Alipomaliza hakupitisha mkono kusikia kama bati limelainika. Angeingiza vidole ndani ya mfuko mwepesi wa plastiki akavipitisha taratibu juu ya boneti, angesikia vipele vidogo vidogo: chembe za chuma, lami ya barabarani, utomvu wa miti. Vitu hivyo havitoki kwa sabuni. Chembe za chuma hutolewa kwa dawa yake maalumu, yenye harufu kali, ambayo ikikutana na chuma hugeuka zambarau na kutiririka. Lami ina kiyeyushi chake. Vinavyobaki huondolewa kwa udongo wa kusafishia rangi, donge laini linaloteleza juu ya maji ya sabuni na kung'oa kilichojikita. Hatua zote hizo aliziruka, kwa kuwa kwa macho gari lilikuwa safi.

Ikafika polishi. Aliazima mashine ya kuzunguka, ile nzito, akaifunga pedi nyeupe ya sufu na kompaundi kali kuliko zote alizoziona dukani. Fundi mwangalifu huanza kinyume chake. Huchagua kipande kidogo, akajaribu polishi laini kabisa na pedi ya sponji, na huongeza ukali pale tu mkwaruzo unapokataa kutoka. Huziba kingo na mikunjo kwa tepu ya karatasi, kwa sababu kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi na pedi hugandamiza kwa nguvu zaidi. Mashine ya kuzunguka hulimbikiza joto mahali pamoja. Ile inayotikisika huku ikizunguka ni salama zaidi kwa mtu anayejifunza.

Alikuwa kwenye ukingo wa mbele wa boneti alipoona pedi imeingia weusi. Alifurahi. Alidhani uchafu wa miaka unatoka, akaongeza mkono.

Naomba kila kijana mwenye mashine ya polishi alishike hili. Gari lenye klia halitoi rangi yake kwenye pedi. Klia haina rangi. Inapoliwa huacha vumbi jeupe jeupe tu. Siku pedi yako ikianza kuchukua rangi ya gari lenye klia, klia hapo imekwisha, na unachokula sasa ni rangi yenyewe. Zima mashine. Usijaribu kusawazisha, usihamie pembeni kidogo ili ulainishe mpaka. Mwite mwenye gari umwambie. Yapo magari ya rangi ya tabaka moja, hasa ya zamani, ambayo hutoa rangi kwenye pedi bila madhara, na hilo nalo hujulikana mapema kwa kujaribu kipande kidogo mahali pasipoonekana, kabla kazi haijaanza.

Hakuzima. Alipofuta, ukingo ulikuwa na doa la ukubwa wa kiganja, limefifia, halirudishi taa. Akajiambia seramiki italificha.

Ilikuwa saa tatu usiku. Polishi nyingi zina mafuta ndani yake, na mafuta hayo hujaza mikwaruzo midogo ikapotea machoni. Ndiyo maana kabla ya kupaka seramiki ni lazima kufuta gari zima kwa kiyeyushi cha spiriti kilichochanganywa na maji, kitambaa safi cha maikrofaiba, kipande kwa kipande. Hapo ndipo fundi anaona ukweli wa kazi yake: kama mikwaruzo imetoka, au ilikuwa imefunikwa tu. Tena seramiki inataka kushikana na klia yenyewe, na kwenye mafuta haishiki. Kijana hakuwa na spiriti, na maduka yalikuwa yamefungwa.

Akafungua kichupa. Kilichomo ni kimiminika cha silika ndani ya kiyeyushi. Ukikipaka, kiyeyushi huruka, na kinachobaki hukutana na unyevu wa hewani, kikajifunga juu ya rangi na kuwa utando mgumu wa mikroni moja au mbili hivi. Kwa hiyo joto na unyevu huharakisha kazi, na Dar es Salaam ina vyote viwili kwa wingi, hata usiku. Aliyezoea kazi hii ukanda wa pwani hupaka eneo dogo tu, kama nusu mita kwa nusu mita, mistari ya kwenda na ya kukatisha, kisha hutazama. Utando ukianza kucheza rangi za upinde wa mvua, wakati wa kufuta umefika. Kwenye baridi hungoja dakika kadhaa. Kwenye joto letu inaweza kuwa chini ya dakika moja. Hufuta kwa kitambaa cha kwanza, hurudia kwa cha pili kikavu, na humulika taa kutoka pembeni kutafuta bakaa lililosahaulika kabla hajasogea.

Kijana alipaka boneti yote kwa pamoja, kisha akaanza kufuta. Alipofika nusu, kitambaa kilikuwa kinanata. Nusu ya pili ilikuwa imeanza kushika. Alikaza mkono, ikasambaa kwa mabaka. Taa moja ya tyubu juu ya kichwa haikumwonyesha kitu. Vitambaa vile vile vya boneti akavitumia milangoni na kwenye paa, wakati seramiki iliyokaukia ndani yake ilikuwa imekwisha kuwa ngumu na yenye kukwaruza. Kitambaa kilichofuta seramiki hakirudi kazini, hata kikifuliwa. Hutupwa.

Kwenye magurudumu alikuwa na haraka zaidi, na hapa lazima niseme jambo linalonikera. Rimu ndiyo sehemu ya gari inayofaidika na seramiki kuliko nyingine yoyote. Vumbi la breki lina chembe za chuma za moto, linaganda kwenye rimu, na baada ya miezi ni vigumu kulitoa bila kuharibu rangi. Rimu iliyopakwa vizuri, kwa seramiki inayostahimili joto, huoshwa kwa maji na shampuu ukamaliza. Mtu mwenye fedha kidogo ningemshauri aanzie hapo. Lakini kazi hiyo hutaka gurudumu livuliwe, rimu ipoe, isafishwe mbele na nyuma kwa ile dawa inayogeuka zambarau, isuuzwe kabla dawa haijakauka, ifutwe spiriti, ndipo ipakwe. Kijana hakuvua hata moja. Alipaka nyuso za nje tu, juu ya vumbi la breki, kisha akachukua dawa ya kupuliza ya kung'arisha tairi akazungusha magurudumu yote manne. Dawa ile ina silikoni. Ilipita katikati ya mikono ya rimu ikatua kwenye diski za breki.

Asubuhi gari lilitoka kivulini linang'aa. Mama alimbariki kijana, akalipa yote, akaenda nalo nyumbani. Saa tano, mlinzi wa nyumba, kwa moyo mwema kabisa, akaona vumbi la barabara ya mtaani limetua juu ya gari la bibi harusi. Akalimwagia maji ya kisima na kuliacha likauke juani. Hakuna aliyemwambia kwamba seramiki mpya hailoweshwi kwa saa 24 za kwanza, wala haiguswi na shampuu kwa takriban wiki nzima. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa. Yalipokauka yaliacha vidoa vya duara kila mahali, na utando ambao ulikuwa bado haujakomaa ukavishika.

Kwenye taa za barabarani za kwanza alasiri ile, dereva alikanyaga breki, gari likavuta kushoto huku likilia. Akakanyaga tena kwa nguvu, likasimama likiwa limepita mstari. Binti alikuwa kiti cha nyuma na shela lake. Hakuna aliyeumia. Dereva, mtu mzima mwenye akili, alimpandisha binti kwenye gari la mjomba wake na Harrier ikabaki pembeni na maua yake.

Sitaki jambo hili lipite haraka. Doa la rangi ni hasara ya fedha. Mafuta, silikoni au nta kwenye diski ni hatari ya uhai. Pedi za breki hunyonya vitu hivyo, na zikishanyonya hazisafishiki kwa kuaminika: diski husafishwa kwa kisafisha breki, pedi hubadilishwa. Dawa ya tairi ipulizwe kwenye sponji, mbali na gari, kisha ipakwe kwa mkono ubavuni mwa tairi tu. Isifike kwenye uso wa tairi unaokanyaga lami, wala kwenye diski.

Jumapili gari lilipelekwa gereji kwa mjomba. Aliliegesha juani, akatembea kulizunguka bila kusema. Juani kila kitu kilionekana: mabaka ya boneti, mikwaruzo ya duara milangoni, vidoa vya maji, ukingo uliokufa. Akatoa kifaa chake. Boneti ilisoma mikroni 80 na ushei katikati, chini ya 60 kwenye ukingo. Milango ilikuwa juu ya 110. Kabla kijana hajaligusa gari, mtu mwingine alikuwa amekwisha kula boneti hiyo kwa polishi.

"Ungekuja Ijumaa jioni," mzee alisema, "ningekwambia boneti usiiguse kwa mashine. Osha, toa uchafu, futa spiriti, paka. Ingebaki na mikwaruzo yake midogo, na ingeishi."

Kijana aliuliza kama mikwaruzo na mabaka yanaweza kutolewa. Ya milangoni ndiyo, kwa polishi laini, kwa kuwa seramiki ikishakauka haitoki kwa kiyeyushi, ila klia ya milango inatosha. Ya boneti hapana. Boneti ingepigwa msasa na kupakwa rangi upya, kisha ikae. Rangi mpya ya gereji huendelea kutoa kiyeyushi kwa wiki kadhaa. Mafundi wengi hungoja siku 30 au zaidi, kufuatana na aina ya rangi, kabla ya kuifunika kwa seramiki. Ukiifunika mapema unaizuia kukomaa.

Mama hakupiga kelele. Alisema neno moja ambalo kijana alilibeba kwa muda mrefu: "Mwanangu, ungeniambia haiwezekani, ningelipeleka gari limeoshwa tu. Nani harusini angeuliza seramiki?" Akaendelea kumpa gari lake alioshe, na gharama ya boneti akamkata kidogo kidogo kwenye malipo hayo hadi ikaisha. Pedi za breki alizilipia mwenyewe mjomba, akisema deni la breki halisubiri.

Kijana yule alifanya kazi na mjomba wake hadi alipojifunza, na leo hupaka seramiki vizuri. Akija mteja, kwanza humwondolea matumaini ya uongo. Humweleza hiyo 9H ya kwenye chupa. Ni kipimo cha penseli: hukandamizwa penseli za ugumu tofauti kwenye bati lililopakwa, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote katika seti hiyo. Haina uhusiano na kile kipimo cha madini alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho almasi hushika nafasi ya 10 na kwatzi nafasi ya 7. Mchanga wa barabarani una kwatzi tele. Ukilifuta gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu, utalikwaruza, liwe na seramiki au lisiwe nayo. Wala utando wa mikroni mbili hauzuii kokoto inayoruka kutoka kwenye lori barabara ya Morogoro. Kwa hilo ipo filamu nene ya plastiki ya kubandika, ambayo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Seramiki inatoa vitu vyake, na ni vizuri. Maji hukusanyika na kuteleza yakibeba vumbi jingi. Kinyesi cha ndege na utomvu hupata shida kufika kwenye klia, ingawa bado inabidi uvitoe mapema. Jua hupunguziwa makali kidogo. Kuosha huwa kwepesi, kwa ndoo mbili, moja ya shampuu isiyo na ukali na nyingine ya kusuuzia, kivulini, na kukausha kwa taulo safi kabla maji hayajajikausha yenyewe. Kwa gari linalolala nje, linaloegeshwa chini ya miembe, hiyo ni faida ya kila wiki.

Wewe mwenye gari, kabla hujalipa, muulize fundi maswali manne. Amepima unene wa rangi, na kifaa kimesoma ngapi? Amejaribu polishi gani, kwenye kipande gani? Atavua magurudumu? Gari litalala wapi usiku wa kwanza baada ya kupakwa? Akivua magurudumu, hakikisha nati zimekazwa kwa mpangilio wa msalaba na kwa spana ya kipimo, na ukifika kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena. Na fundi akikuahidi gari zima kwa usiku mmoja, chukua ufunguo wako uondoke.